Mpwa wangu kaanza hoki ya barafuni, mama yake kaona video ya ngumi. Nimjibu nini?

Muuza Barafu wa Mwaloni:
Wakuu habari za jioni. Mimi nauza barafu pale Mwaloni Kirumba, Mwanza, ile ya mabonge. Kwangu barafu ni kitu cha kumlazia sangara asiharibike njiani. Sikuwahi kuwaza kwamba kuna mtu atavaa kiatu chenye kisu chini akimbie juu yake.

Mpwa wangu ana miaka 12, anakaa Nairobi na mama yake, na mwaka huu kaingia kwenye hoki ya barafuni. Mimi mjomba ndiye nilimpa kichwa. Hata kofia nilimnunulia Mlango Mmoja kwenye mitumba, ya baiskeli lakini ngumu, nyekundu, nikamtumia kwa basi.

Juzi dada kanipigia saa nne usiku. Kaona video ya Marekani na Kanada, Montreal, Februari 2025. Mchezo haujafika hata sekunde 10, tayari mapigano matatu! Wanatupa glovu chini, wanakunjana jezi, wanatwangana, na marefa wamesimama pembeni kama watu wanaosubiri daladala. Dada ananiambia, "Kaka, huku ndiko ulikomwingiza mwanangu?" Nikajifanya mtandao unakata.

Naomba kujuzwa: kwa nini marefa hawaingilii? Na huyu mtoto yuko salama? Nawasilisha.

Filimbi ya Nyamagana:
Hiyo siyo michezo, ni ndondi ndani ya friji. Nimechezesha mpira miaka mingi, mtu akirusha ngumi ni nyekundu, mjadala umeisha. Mtoto arudi kwenye soka.

Mbeba Boksi, Winnipeg:
Muuza Barafu, nipo huku Kanada mwaka wa tisa na mwanangu anacheza, ngoja nikueleze taratibu.

Ulichokiona ni hoki ya watu wazima wanaolipwa, kwa sheria za NHL, ile ligi kubwa ya Marekani na Kanada. Kwenye NHL ngumi ni kosa, ila adhabu yake ni kukaa kibandani pembeni ya uwanja dakika 5. Anayeonekana ndiye kaanzisha anaongezewa 2, na nyingine 10 juu yake. Wakitoka wawili, mmoja kila upande, timu zinabaki sawa kwa idadi, kwa hiyo kocha haumii sana. Wenyewe wanatetea kwamba ngumi zinawalinda nyota wao wasichezewe rafu. Mimi sikubali, maana kwenye mashindano ya dunia ukipigana unatolewa nje ya mchezo, na nyota wapo na wanacheza vizuri tu.

Kuhusu marefa: hawajazubaa. Wale wasaidizi wawili wanasubiri mmoja aanguke au wachoke ndipo waingie. Ukijipenyeza katikati ya watu wawili wanaorusha ngumi, wote wamesimama juu ya visu, unatafuta nini? Filimbi, ungeingia wewe?

Sasa watoto. Kwao hakuna habari ya ngumi. Hapa Kanada tangu 2013 hata kule kumgonga mwenzako kwa mwili kumeondolewa kwa wa miaka 11 na 12. Mpwa wako angekuwa huku, angevaa kofia yenye wavu wa kufunika uso mzima, kinga ya shingo, mabega, viwiko, magoti. Mwanangu akimaliza kuvaa hawezi kukuna mgongo.

Mwambie dada aache kuogopa ngumi, aogope vitu vitatu. Kwanza kisu cha kiatu. Oktoba 2023 kule Sheffield, Uingereza, mchezaji Adam Johnson alikatwa shingoni na kiatu cha mwenzake akafariki. Ndipo watu wazima nao wakaanza kulazimishwa kinga ya shingo. Pili kile kisahani cheusi wanachokipiga kwa magongo: gramu 170 hivi za raba ngumu, wakubwa wanakipiga zaidi ya kilomita 160 kwa saa. Machi 2002 kilimuua binti wa miaka 13 aliyekuwa jukwaani Columbus, Marekani. Hizo nyavu unazoziona nyuma ya magoli ya NHL ziliwekwa baada yake. Kwa hiyo dada naye akienda kutazama, simu mfukoni, macho mbele.

Tatu ni kichwa. Na hapo, kaka, hiyo kofia ya baiskeli itupe. Imetengenezwa kuokoa pigo moja kubwa, basi. Ya hoki inavumilia kugongwa leo, kesho na keshokutwa.

Mama Pasiansi:
Mimi ni muuguzi. Kwenye kichwa naongeza hili: mtoto akianguka kisha akalalamika kichwa, kichefuchefu, mwanga unamuumiza, au anauliza swali lilelile mara mbili, siku hiyo harudi uwanjani hata akilia. Aonwe na daktari. Na kocha asiseme "jikaze".

Muuza Barafu wa Mwaloni:
Mama Pasiansi umenigusa. Miaka ya nyuma nilikuwa nashusha bonge kutoka kwenye gari, maji yameshatiririka kwenye saruji, ndala zikaniponyoka. Nilitua na kisogo. Nakumbuka bonge likiteleza peke yake mpaka kwenye beseni la mama wa dagaa, halafu sikumbuki. Nikaamka, nikasema nipo sawa, nikaendelea kuuza. Siku mbili nilikuwa narudisha chenji mara mbili kwa mteja mmoja. Wateja hawakunikumbusha, Mungu anawaona.

Mbeba Boksi, Winnipeg:
😂 Pole. Ndivyo alivyoanguka Bill Masterton, mchezaji wa NHL wa timu ya Minnesota, Januari 1968. Kinyumenyume, kisogo kwenye barafu, hana kofia. Akafariki baada ya siku mbili. Na bado NHL iliwachukua mpaka 1979 kuwalazimisha wachezaji wapya kuvaa kofia.

Filimbi ya Nyamagana:
Miaka 11 wanafikiria kofia? Basi nyekundu ningewapa viongozi.

Muuza Barafu wa Mwaloni:
Mrejesho, wakuu. Nimempigia dada kwa video, nikakiri kosa la kofia ni langu. Nikamwambia mtoto aivae, afunge mkanda, atikise kichwa. Kofia ikageuka mpaka tundu la mbele likawa sikioni. Dada hakusema neno, aliniangalia tu.

Tumekubaliana: mazoezi yasimame mpaka apate kofia yenye wavu na kinga ya shingo. Nimetuma nusu ya hela, nusu dada. Jana kinga ya shingo imefika, kofia bado. Kanitumia picha: kavaa sare ya shule, kinga shingoni, anakunywa chai. Mama yake anasema hataki kuivua.

Mbeba Boksi, kwa miaka 12 kofia ya kichwa cha sentimita 54 wanaiandika saizi gani?