Mayai, mtindi, maharage au soseji: protini ipi ya asubuhi inakaa tumboni?

Alfajiri: Wakuu, nataka kuachana na chai na mkate mtupu. Nikivila saa moja, saa nne njaa imerudi na kazi haiendi. Nawaza mayai, mtindi, maharage, na soseji nazo nazipenda. Kipi bora?

Siha: Mayai. Yai moja kubwa lina protini gramu 6 hivi, na amino asidi (vijenzi vya protini) zote 9 ambazo mwili haujitengenezei zimo. Tafadhali usitupe kiini! Karibu nusu ya protini iko humo, pamoja na kolini inayohitajiwa na ubongo.

Bin Shamba: Siha, nakubali, lakini yai halina nyuzinyuzi hata chembe. Mimi nasimama na maharage. Kikombe kimoja yakiwa yameiva kina protini gramu 15 hivi, na nyuzinyuzi zake ndizo zinazochelewesha njaa. Protini yake ina kidogo methionini, mojawapo ya zile amino asidi 9. Nafaka inayo ya kutosha, nayo nafaka ina upungufu wa lisini, nyingine kati ya zile 9, ambayo maharage yamejaa. Kwa hiyo mkate wako usiutupe, mkuu, uongezee maharage.
Loweka usiku, mwaga maji yale, uchemshe kwa maji mapya. Mekundu yatokote hasa, dakika 10 au zaidi, kabla hujapunguza moto. Yakiwa hayajaiva yana lektini, sumu ya asili inayotapisha vibaya.

Kijiko: Asubuhi nani ana muda wa kuinjika maharage?

Bin Shamba: Pika mengi siku ya mapumziko, gawa, gandisha. Asubuhi ni kupasha tu.

Kijiko: Sawa, hapo umenishika. Bado mtindi ni mwepesi zaidi, ila upo wa aina mbili. Wa kawaida una protini gramu 4 hivi kwa kila gramu 100. Uliochujwa maji ukawa mzito hufika 9 au 10. Picha ya matunda kwenye kopo isikuvutie, geuza usome sukari. Chukua usiotiwa kitu, tunda ukatie mwenyewe.

Siha: Soseji iache iwe ya mara mojamoja. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliweka nyama za kusindikwa kwenye kundi la visababishi vya saratani, hasa ya utumbo mpana. Chumvi nayo ni nyingi.

Alfajiri: Asanteni sana. Nile kiasi gani sasa? Nina kilo 60.

Siha: Kiwango cha chini kwa mtu mzima ni gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito, yaani 48 kwa siku nzima. Mayai mawili na nusu kikombe cha maharage vinakupa karibu 20. Kama una tatizo la figo, muulize daktari kabla hujaongeza.