Dima ya WiFi sebuleni: kwenye boksi la swichi kuna waya mbili tu, nyutro iko wapi?

Mwanga_Sebuleni
Wakuu habari za jioni. Nataka kutoa swichi ya sebuleni niweke dima (swichi ya kupunguza na kuongeza mwanga) ya kuongozwa na simu. Nyumba iko Dar, nyaya zimepita kwenye mabomba ya plastiki ndani ya ukuta, dari ni ya jipsamu yenye taa sita za LED za wati 7, zote kwenye swichi moja. Dima ina sehemu tatu za kufunga waya: L, N na L1. Ndani ya boksi nimekuta nyekundu na nyeusi, na ethi ya kijani imefungwa kwenye boksi lenyewe la chuma. Nimepima nyekundu na nyeusi kwa mita swichi ikiwa imezimwa, inasoma volti 228. Je, nyeusi ndiyo nyutro (waya wa kurudisha mkondo) niipeleke N? Sasa L1 itapata waya gani?

Pili, umeme ukikatika na kurudi usiku wa manane taa zitajiwasha? Tatu, korido ina swichi mbili zinazowasha taa moja. Dima inakubali hapo?

FeziMoja
Mkuu, nyeusi hiyo si nyutro, usiifunge kwenye N. Nyaya zote mbili zinaingia kwenye swichi, na kazi ya swichi ni kuziunganisha. Ingekuwa nyutro, kila ukiwasha ungepiga shoti na breka ingeanguka. Nyekundu ni moto unaoshuka, nyeusi ni moto unaorudi juu kwenye taa. Fundi alipaswa kuizungushia tepu nyekundu kwenye ncha, ila wachache hujisumbua.

Hiyo 228 inawadanganya wengi. Swichi ikiwa imezimwa, nyeusi imeungana na nyutro kupitia draiva za taa (viboksi vinavyozilisha LED umeme), na mita ya kidijitali haivuti mkondo wa maana, kwa hiyo inaonyesha karibu volti zote. Washa swichi upime sehemu zilezile, itasoma sifuri au karibu nayo. Halafu pima nyeusi na ethi swichi ikiwa bado imewashwa. Ukiona 230 hivi, huo ni moto.

Kwa kuwa nyaya zako ziko kwenye bomba, vuta nyutro. Waya mmoja mweusi wa 1.5 mm² kutoka kwenye maungio ya juu ya dari mpaka boksi la swichi, na bomba la mm 20 lenye nyaya tatu bado lina nafasi. Funga waya mpya kwenye ncha ya waya wa kuvutia, mmoja asukume kutoka juu, mwingine avute chini. Nyeusi ya zamani ivishe tepu nyekundu juu na chini, la sivyo fundi atakayekuja baadaye atakuta nyeusi mbili na kubahatisha.

Nyutro iwe ya sakiti hiyohiyo ya taa. Najua soketi iko chini tu ya swichi na inashawishi. Kama soketi na taa ziko kwenye RCD tofauti (kile kikata umeme kinachoanguka mkondo unaotoka usipolingana na unaorudi), mkondo unaotoka huku na kurudi kule hautalingana na RCD itaanguka. Zikiwa kwenye RCD moja haitaanguka, na hapo ndipo pabaya zaidi: mtu akizima breka ya soketi na kufungua ile nyutro, upande wake mmoja unaweza kubaki na moto unaopita kwenye dima.

Ethi kuwa nyutro ni marufuku kabisa. Waya wa ethi ukikatika mahali, vyuma vyote vilivyoungwa nao vinapata moto kupitia dima yako.

Stima_Pwani
Naongezea kutoka Mombasa. Kuna dima zisizohitaji nyutro, zina L na L1 pekee. Zinajilisha kwa kupitisha mkondo mdogo kwenye taa hata zikiwa zimezimwa. Balbu ya zamani ya waya haikuona tofauti, lakini LED ya wati 7 inaanza kumeta gizani au kubaki na mwanga hafifu. Ndiyo maana kwenye pakiti ya dima hizo huwa na kapasita. Hiyo hufungwa kwenye taa, kati ya moto unaotoka kwenye swichi na nyutro. Haifungwi kwenye swichi. Taa sita zikiwa sambamba, kapasita moja yatosha. Mimi ningeitumia pale tu ambapo nyaya zimezikwa kwenye plasta bila bomba.

Lakini kabla ya waya, angalia taa. Taa za dari za jipsamu huwa na draiva yake pembeni, kile kiboksi cheupe, na draiva ndiyo inayokubali au kukataa dima. Lazima iwe imeandikwa «dimmable». Isipoandikwa hivyo utapata mtetemo na mlio wa nzi, na draiva itakufa mapema. Zile balbu za kujikunja za kubana matumizi usizijaribu hata moja.

Mzigo wako ni 6 × 7, yaani wati 42. Soma kwenye dima namba ya LED, usisome ya balbu za zamani. Ya LED mara nyingi haifiki nusu yake, kwa sababu draiva huvuta mkondo mkubwa kwa nukta ile ya kuwaka. Soma pia kiwango cha chini. Na uchague dima inayokata mwisho wa wimbi, kwenye karatasi yake huandikwa «trailing edge». Inayokata mwanzo ilitengenezewa balbu za waya na transfoma za koili, na LED nyingi hulalamika nayo.

Kama dima imeletwa na ndugu kutoka Marekani, rudisha kwenye mkoba. Ni ya volti 120, na hata matundu yake ya skrubu hayalingani na maboksi yetu, ambayo umbali kati ya skrubu ni mm 60.3.

Mwanga_Sebuleni
Nashukuruni. Swichi ikiwa imewashwa nyekundu na nyeusi zinasoma sifuri, nyeusi na ethi 229. Draiva zimeandikwa dimmable, dima ni ya 240V, LED wati 5 hadi 150. Naelekea kuvuta nyutro. Boksi langu lina kina cha mm 25.

FeziMoja
Mm 25 ni finyu. Mgongo wa dima hizi ni mnene, na ukizikandamiza nyaya nyuma yake joto halina pa kwenda. Weka boksi la mm 35, au 47 kama ukuta unaruhusu.

Kufunga: zima breka ya taa, siyo swichi. Pima mita kwanza kwenye soketi yenye umeme ujue inafanya kazi, kisha kwenye swichi, kisha rudi kwenye soketi. Chuna mm 8 hivi. Nyekundu kwenye L, nyutro mpya kwenye N, nyeusi yenye tepu kwenye L1, ethi ibaki kwenye boksi. Vuta kila waya kwa mkono baada ya kukaza skrubu. Washa breka na ujaribu kwa kitufe cha ukutani kabla hujagusa simu. Ukigeuza L na L1, taa zinaweza kuwaka muda wote bila kutii, au dima isiamke kabisa.

Na kazi ya kuvuta waya mpya mpe fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.

ruta_na_nyaya
Upande wa programu. Nyingi ya dima hizi zinajua WiFi ya 2.4 GHz tu. Ruta yako ikichanganya 2.4 na 5 kwa jina moja na simu ikakataa kuunganisha, zitenganishe majina kwa muda. Usalama wa nywila ya WiFi kwenye ruta uweke WPA2, maana WPA3 peke yake huzikwamisha nyingi. Bonyeza kitufe cha ukutani sekunde 5 hivi mpaka kitaa kipepese haraka, ndipo uongeze kifaa kwenye programu.

Kisha mipangilio miwili. Kwanza mwanga wa chini kabisa: shusha taratibu mpaka taa zianze kutetema, panda kidogo, uweke hapo. Kwa LED mara nyingi ni kati ya asilimia 10 na 25. Ukiiacha kwenye 1, taa zitawaka siku moja na kugoma siku nyingine. Pili, hali baada ya umeme kurudi: chagua kuzima. Ukichagua «kumbuka hali ya mwisho» na umeme ukakatika sebule ikiwa inawaka, saa tisa usiku itawaka tena.

Korido: usiweke dima mbili kwenye taa moja, zitakatana mawimbi. Tafuta dima moja yenye sehemu ya S ya swichi ya pili. Swichi ile nyingine iwe ya kubonyeza na kujirudisha, na nyaya zinazounganisha swichi hizo mbili ndizo zitakazobeba ishara. Kabla ya kununua, fungua boksi zote mbili uone moto wa kudumu umeingia upande gani. Dima inakaa upande huo, na nyutro nayo itahitajika hapo.