Derek kafa sizoni ya 11, niendelee au nifute flashi?

mtu_wa_michenzani
Assalaam alaykum jamani. Mie ile tamthilia ya madaktari, Grey's Anatomy, nimeianza tokea Ramadhani, tukitoka tarawehe naweka laptopu naangalia mbili tatu mpaka daku, sasa jana nimefika pale Derek anagongwa na lori na wale madaktari wa hospitali ile nyengine hawampigi skani ya kichwa mapema, wallahi nimelia mpaka mama kaja mlangoni kuniuliza nani kafiwa. Si tumezowea stelingi hafi? Kijana wa kibandani kanitilia mpaka sizoni ya 15, flashi imejaa pomoni. Niendelee au nifute?

bikarafuu
Pole yakhe. Usifute. Hapo mbele wanaruka karibu mwaka mzima, Meredith mkewe Derek anatoweka na watoto, anajifungua hukohuko ndo anarudi kazini (na eda ya mjamzito si inakwisha akizaa, basi hata hesabu imekaa sawa hahaha). Mie kilonikera ndo hicho, msiba mkubwa vile wameupitisha mbio kama mtu anaruka mtaro. Ila baadae wametulia. Sizoni ya 12 Meredith yuko nyumba moja na dadaake Maggie na wifi yake Amelia, sasa ugomvi wa mawifi kwenye sinki la vyombo na upasuaji juu yake, utamsahau Derek mwenyewe

mzee_wa_ngambo
Nyie watoto hamjaona ER, tamthilia ya hospitali ya zamani. Ilianza 1994, muigizaji George Clooney kaondoka 1999 watu wakasema imekwisha, haikwisha. 2002 akafa Dk. Greene, stelingi wao, uvimbe wa ubongo, kafia Hawaii, kule kazini Chicago wanapata barua tu na daktari mwenzake Carter anaisoma mbele ya wenzake. Na huyo Carter siku ya kwanza kabisa alikuja mwanafunzi hajui hata kutia sindano vizuri! Greene kabla hajaondoka kamuachia yeye usukani. Hapo ndo penye ufundi, mrithi wamemlea miaka minane mbele ya macho yetu, hawakumuokota njiani. Ikaenda mpaka 2009.

nesi_pemba
Mzee kasema kweli. Daktari wetu alihamishiwa Unguja, asubuhi yake koti bado limetundikwa nyuma ya mlango na foleni ileile mpaka nje kwenye muembe. Bibi mmoja kagoma kuingia, "mie namngoja wangu". Namwambia bibi wako kesha panda boti, hataki, kakaa mpaka adhuhuri. Wiki ya tatu namkuta anamletea yule mpya shelisheli. Weye ndo yule bibi, ngoja wiki tatu

mtu_wa_michenzani
Hahaha haya, nimeangalia mbili nyengine, huyo Amelia bado simuwezi. Ila mzee nawe, ER si nlikuwa nataka kuianza nkimaliza hii, ushanambia nani anakufa na wapi!