Kiti mwendo cha umeme, Kigoma–Dar–Mumbai: betri ya akiba inaruhusiwa?

Mjukuu wa Ujiji
Habari wadau. Bibi anatoka Kigoma kwenda Dar, kisha Mumbai kwa matibabu. Kiti chake cha umeme kinakunjika, kina betri moja ya lithiamu ya kuchomoa, 24V 12Ah. Umeme wa huku mnaujua, kwa hiyo kuna na ya akiba, 24V 20Ah. Wakala wa tiketi anachojua ni kwamba kiti hakilipiwi, basi. Zote mbili zitapita? Na kiti kinakabidhiwa wapi?

Fundi Viti
Mfikishie bibi shikamoo. Zidisha volti (V) kwa ampea-saa (Ah) upate wati-saa. 24 × 12 ni 288, inapita, maana kikomo cha betri moja ya lithiamu inayochomolewa kwenye kiti ni 300. Ya akiba ni 480. Hiyo iacheni nyumbani, hata mkibembeleza haipandi. Akiba inayokubalika ni moja isiyozidi 300, au mbili zisizozidi 160 kila moja. Na namba isomeke kwenye betri yenyewe. Lebo ikifutika, mkaguzi hana cha kuhesabu, anaweza kuikataa hata ile ndogo.

Kasulu Moja
Si muifiche tu kwenye begi la chini?

Fundi Viti
Ndugu yangu, usimponze bibi wa watu. Begi linapita eksirei, na betri ya lithiamu iliyochomolewa haikai chini kabisa, inakaa na abiria. Ikipiga shoti ikawaka huku juu, wahudumu wanaiona na kuimwagia maji. Kule chini hakuna mtu, na gesi ya kuzimia moto haipoozi seli zilizokwisha kuchemka. Zibeni vichwa vyake kwa tepu nyeusi ya mafundi umeme, kisha itieni kwenye mfuko wake peke yake. Betri za jeli ni habari nyingine, hizo kwa kawaida hubaki kwenye kiti.

Dawati la Tabora
Huyo wakala mbaneni aandike msimbo kwenye tiketi: WCLB, yaani kiti chenye lithiamu. Akiweka WCBD atakuwa ameandika betri kavu, na mtabishana kaunta. Bibi naye ana wake: WCHR kama ngazi anapanda, WCHS kama ngazi hawezi ila ndani anatembea, WCHC kama hatembei kabisa. Huyu wa mwisho ulizeni mapema atapandishwaje, maana ndege za panga (propela) hupandwa kwa ngazi. Lipeni pia shirika la ndege uzito na vipimo vya kiti kikiwa kimekunjwa, angalau saa 48 kabla, na wajibu kwa maandishi.

Kiti ombeni kikabidhiwe mlangoni pa ndege. Kabla hakijaondoka, chomoeni kijiti cha kuongozea kama kinatoka, kiingie ndani pamoja na mto. Hicho ndicho huvunjika kwanza. Bandikeni karatasi inayoonyesha klachi za magurudumu (vishikio vya kuyaachia yazunguke bila mota) zilipo. Mpakiaji asipoziona atakiburuta breki zikiwa zimeshika.

Fundi Viti
Nyongeza: pigeni picha pande zote. Kikivunjika, lalamikeni kwa maandishi ndani ya siku 7. Kwa safari hii ya kimataifa, Mkataba wa Montreal, ule wa fidia za safari za ndege za kimataifa, unaweka kikomo cha fidia ya mizigo kuwa SDR 1,519 kwa abiria (SDR ni kipimo cha thamani ya fedha cha IMF), na viti vingi vya umeme vina bei kubwa kuliko hiyo. Ndiyo maana kaunta kuna tamko maalumu la thamani, linaombwa wakati wa kukabidhi kiti, si baadaye.

Mjukuu wa Ujiji
Asanteni. Hilo tamko linalipiwa?

Dawati la Tabora
Wanaweza kutoza ada. Ulizeni kiasi katika barua hiyohiyo ya vipimo.