Wazee wa Kutembea: Duluti Jumamosi

*JUMATANO*

Mwalimu: Habari za jioni wapendwa. Jumamosi hii hatuzunguki mtaa. Tunakwenda Ziwa Duluti. Tunatembea msituni kandokando ya ziwa, tunapumzika, halafu anayetaka anaingia kwenye kayaki. Tukutane kituoni saa 1 kamili asubuhi. Saa 1 kamili, siyo saa 1 ya harusi.

Babu Eliya: Kayaki ndiyo nini Mwalimu

Mwalimu: Mtumbwi mwembamba wa plastiki mzee wangu. Unakaa chini, miguu mbele, unapiga kafi kulia na kushoto. Ipo ya watu wawili.

Babu Eliya: Mimi ni mtu wa mlimani. Maji yangu ni ya kwenye ndoo.

Bi Mwanaidi: 😂😂 Mzee Eliya usiogope, mie wa Tanga nitakupakia mbele kama gunia la nazi

Babu Eliya: Nazi ikianguka majini inaelea. Mimi je?

Mama Upendo: Bwana asifiwe. Magoti yangu mnayajua. Kutembea nitajitahidi, ila hayo ya majini mniache nilinde vikapu.

Nesi: Mama Upendo, kwa magoti yako mambo yako kinyume. Kwenye kayaki umekaa, goti halibebi uzito. Kinachochoka ni mabega na kiuno. Kazi ipo wakati wa kuingia na kutoka tu. Mimi naogopa zaidi njia ya msituni, na siyo pale tunapopanda. Ni pale tunaposhuka.

Mama Upendo: Kweli kabisa. Ngazi za kanisani kupanda sina neno. Kushuka ndiyo nashika kila benchi.

Nesi: Basi njoo na fimbo. Mbili zikipatikana ni bora. Hata mpini wa fagio unafaa, ukate ukufikie kiwiko.

Baba Joshua (Mhazini): Nauli ya daladala kila mtu na yake. Kiingilio na kayaki nitawauliza wenyeji kesho kisha niwaambie. Njooni na kitambulisho cha NIDA, bei ya raia na ya mgeni haifanani. Na wale wa mwezi uliopita ambao hawajamaliza, nawaheshimu sana, sitawataja.

Babu Eliya: Tayari umenitaja

Upendo (Dar): Shikamooni wazazi wangu. Samahani kuingilia. Mwalimu, naomba mama asipande hiyo boti. Ana presha na hajui kuogelea. Naweza kukupigia?

Mwalimu: Marahaba mwanangu. Piga hata sasa hivi. Lakini mama yako yumo humu humu.

Mama Upendo: Nipo Upendo. Nasoma.

Bi Mwanaidi: 🙈

*ALHAMISI*

Babu Eliya: *Ujumbe umesambazwa mara nyingi.* KITUNGUU SAUMU, TANGAWIZI NA LIMAO ASUBUHI, PRESHA KWAHERI, ACHA VIDONGE…

Nesi: Mzee Eliya naomba ufute. Kitunguu kiende kwenye mboga. Mtu asiache dawa yake.

*Ujumbe huu umefutwa.*

Nesi: Asante baba. Sasa nisomeni wote, nimeandika kidogo kidogo kwa sababu najua wengine hamfungui ujumbe mrefu.

Nesi: Wenye presha: mezeni dawa kama kawaida. Najua wanaotumia vidonge vya kukojoza huwa wanaviacha siku ya safari. Msiviache bila kuongea na daktari wenu. Choo nimeulizia, kipo pale tunapoanzia. Msituni ndani hakuna, kwa hiyo tutapita chooni kabla ya kuanza, hata kama huhisi.

Nesi: Wenye sukari: msije na njaa. Pipi au glukosi ikae MFUKONI MWAKO. Kikapu kilichobaki ufukweni hakitakusaidia ukianza kutetemeka katikati ya ziwa. Na uniambie mimi au unayekaa naye kwamba una sukari. Hapa hakuna aibu, nusu ya kikundi tunakutana kliniki ileile.

Nesi: Maji ya kunywa kila mtu chupa yake. Huu ni msimu wa baridi na Meru imejifunika mawingu wiki nzima, kwa hiyo hamtahisi kiu. Kunyweni hivyo hivyo.

Bi Mwanaidi: Nesi na meno ya bandia je? Naulizia rafiki yangu

Nesi: Rafiki yako akae nayo mdomoni, asicheke sana. Miwani ndiyo ifungwe kamba shingoni. Simu kwenye mfuko usioingiza maji. Kifaa cha kusikia ukiache kwenye begi.

Upendo (Dar): Nesi, na kuhusu mama?

Nesi: Mwanangu, presha ya mama yako naijua, imetulia, na kutembea ndiko kumeisaidia. Shirika la Afya Duniani linataka watu wa umri wetu wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na siku tatu za mazoezi ya kujiweka sawa wasianguke. Majini kila mtu atavaa jaketi la kuokolea kuanzia nchi kavu. Nitayavuta mabegani moja moja kwa mkono wangu. Likipanda hadi masikioni ni kubwa au limelegea, tunabadilisha au tunakaza. Asiyependa kuvutwa mabega abaki na vikapu.

Upendo (Dar): Sawa. Ila mama aamue mwenyewe, asishawishiwe.

Mama Upendo: Nani ananishawishi? Toka jana wewe ndiye unayeongea.

Baba Joshua (Mhazini): Mimi swali langu ni kina. Tangu utoto naambiwa Duluti halina mwisho, ukizama unatokea kwingine.

Mwalimu: Hadithi za pale ni nyingi baba. Ni ziwa la kreta, volkano ilitoboa hapo, ndiyo maana watu wanadhani linafika tumboni mwa dunia. Wataalamu waliolipima hawakufika hata mita kumi.

Babu Eliya: Kwa asiyejua kuogelea mita mbili zinatosha.

Mwalimu: 😂 Umeshinda. Jambo jingine. Tukiwa upande ule ningependa tupite kwenye makaburi ya Wapolandi, yako eneo la chuo cha mifugo Tengeru. Wakati wa vita ya pili ilikuwepo kambi ya wakimbizi kama 5,000 pale, wengi akina mama na watoto. Warusi waliwahamishia Siberia, wakatolewa kupitia Iran, wakaanza kufika kwetu 1942. Mama yangu alikuwa akiwauzia mayai.

Bi Mwanaidi: Subhanallah, kutoka barafuni hadi migombani

Nesi: Mwalimu, ni historia nzuri, lakini siku moja tusiijaze. Kutembea, kayaki, makaburi, na najua akina mama mtataka soko la Tengeru kwa kuwa ni Jumamosi. Watu watachoka, na aliyechoka ndiye anayeanguka.

Mama Upendo: Soko halitoki kwenye ratiba.

Mwalimu: Basi makaburi siku nyingine. Nimeelewa nani mwenyekiti hapa.

*IJUMAA*

Baba Joshua (Mhazini): Nimeongea na wenyeji. Kayaki za watu wawili zipo, majaketi yapo, na kijana mmoja atakuwa majini pamoja nasi muda wote. Wanasema twende ziwani mapema, mchana upepo huamka. Kwa hiyo tunabadilisha: kayaki kwanza, kutembea baadaye.

Nesi: Hapana jamani, miguu ikiwa ya baridi mtu hajikunji. Tutembee kidogo, nusu saa tu, ndiyo tuingie majini. Mzunguko mzima baadaye kwa mwenye nguvu.

Baba Joshua (Mhazini): Sawa. Mama Upendo naona hujasema chakula

Mama Upendo: Machalari yapo jikoni toka saa tisa. Mwenye chupa kubwa ya chai aje nayo. Msifungue ndizi mbivu hadharani, kule kuna kima.

*JUMAMOSI*

Mwalimu: Saa 1:20. Tuko kituoni watatu. Nilisema nini kuhusu harusi?

Babu Eliya: Nimefika zamani, niko upande wa pili wa barabara nawaangalia

*JUMAMOSI JIONI*

Bi Mwanaidi: Alhamdulillah tumerudi salama. Picha hizi. 📷📷📷📷 Ya tatu mniombe msamaha, nani alipiga nikiwa nimelowa vile?

Baba Joshua (Mhazini): Bi Mwanaidi wa Tanga, mtoto wa bahari 😂 umelowa kuliko wote

Bi Mwanaidi: Cheka tu. Mie nimezoea kafi la upande mmoja. Hili la pande mbili ukiliinua, maji yote yanakuja mapajani. Yule kijana alikuja kunionyesha mwisho kwamba nisiliinue juu ya bega, likae chini chini. Wakati huo sketi imeshajaa ziwa. Na mabega! Kwenye ngalawa tanga linakufanyia kazi.

Upendo (Dar): Mama yuko wapi kwenye picha? Simu yake haipokelewi.

Mama Upendo: Nilikuwa naoga. Picha ya pili, jaketi la rangi ya chungwa, mbele ya Nesi.

Upendo (Dar): MAMA

Mama Upendo: Niliamua mwenyewe kama ulivyosema.

Nesi: Aliingia kwa utaratibu. Kayaki ililazwa sambamba na gati, vijana wawili wameishikilia. Akakaa ukingoni kwanza, akashusha miguu katikati ya kayaki, ndipo akahamisha makalio. Hakusimama ndani hata mara moja. Goti halikulia.

Mama Upendo: Kuingia sawa. Mwambie na kutoka.

Nesi: 🤐

Mama Upendo: Nitasema mwenyewe. Miguu ilikufa ganzi. Wakanivuta mikono nikawa kama ng'ombe aliyekwama tope. Ikabidi wapandishe kayaki yote ufukweni, nikageuka nikatoka kwa mikono na magoti, nyuma nyuma, mbele ya wazungu wawili wenye kamera. Nimecheka hadi nikalazimika kurudi kule chooni kwa Nesi.

Upendo (Dar): 😂😂😂 Mama jamani. Nitumie picha hiyo.

Mama Upendo: Haipo. Nimehakikisha.

Nesi: Funzo la wataalamu: safari ijayo kila baada ya dakika kumi tunachezesha vifundo vya miguu tukiwa tumekaa, na tunatokea palipo na mchanga, siyo gatini.

Babu Eliya: Mimi sikuingia na sijuti. Nilikaa na fimbo yangu nikamwona kenge urefu wa mtu anaota jua kwenye gogo, na ndege yule wa buluu anayejitupa majini kama jiwe.

Mwalimu: Mdiria. Na asante mzee kwa kulinda vikapu. Kima walikuheshimu.

Babu Eliya: Waliiheshimu fimbo.

Nesi: Sasa nina neno, na msikasirike. Ule mzunguko wa msituni mwendo haukuwa mzuri. Mwalimu na Baba Joshua mlikuwa mnatangulia, mnasimama kutungoja, mnapumzika vizuri. Sisi wa nyuma tukifika tu mnasema "haya twendeni". Kwa hiyo aliyepumzika ni yule ambaye hakuchoka, na Mama Upendo hakukaa hata kidogo mpaka mwisho.

Mama Upendo: Sikutaka kusema. Kwenye ule mteremko wa mizizi nilikuwa nahema tu.

Baba Joshua (Mhazini): Sikuliona hilo. Nilidhani tunawangoja kwa upendo.

Nesi: Safari ijayo mwenye mwendo wa polepole anaongoza, wote nyuma yake. Mwenye haraka abebe chupa ya chai, itampunguza.

Mwalimu: Imepita. Mama Upendo ndiye kiongozi wa msafara.

Mama Upendo: Basi tutafika Pasaka.

Baba Joshua (Mhazini): Hesabu nitaweka kesho baada ya ibada. Ilibaki chenji ndogo, akina mama waliimalizia kwenye parachichi pale sokoni bila kikao.

Bi Mwanaidi: Tulikaa kikao. Wewe ulikuwa umelala kwenye daladala.

Mwalimu: Mwezi ujao naona tujaribu Momella, ndani ya hifadhi ya Arusha. Momella Ndogo kuna mitumbwi, na kwa miguu unatembea na askari mwenye bunduki.

Babu Eliya: Bunduki ya nini?

Mwalimu: Nyati.

Upendo (Dar): Mwalimu naomba nikupigie.