Mafundi wa TV na kamera Unguja na Pemba, nani aliyekupeni ruhusa ya kubonyeza "Kubali"?

Assalaam alaykum. Huu ni uzi wa malalamiko, wala sitambembeleza mtu.

TV ya kisasa ikitoka dukani Darajani au Mlandege, anayeiwasha mara ya kwanza aghlabu si aliyeinunua, ni fundi. Anaifunga ukutani, anaingiza Wi-Fi, zinakuja zile kurasa za masharti. Ana haraka, anangojwa Kiembesamaki. Kubali, kubali, kubali, kwisha kazi. Mwenye nyumba yuko jikoni anamtilia chai. Hakuna aliyemwambia kuwa katika zile "kubali" moja ni ya sauti, moja ni ya kufuatilia anachokitazama, moja ni ya matangazo. Ya lazima kwa kawaida ni yale masharti ya matumizi tu. Nyengine ukizikataa, picha inatoka vile vile.

Tuanze na sauti. TV ambayo maiki yake iko kwenye rimoti husikiliza pale unapobonyeza kitufe, kwa hiyo hiyo haina tabu sana. Tabu iko kwenye TV zenye maiki ndani ya fremu, na hizi spika za Alexa za Amazon, zinazoamrishwa kwa sauti, zinazowekwa kwenye nyumba za wageni Paje na Nungwi. Zinasikiliza muda wote zikingoja neno la kuziamsha. Zinashika sekunde chache za sauti, zinalinganisha, zinafuta. Zikidhani zimeitwa, ndipo zinaporekodi na kupeleka kwenye seva, yaani kompyuta za kampuni, nje ya nchi. Na zinadhani vibaya mara kwa mara: sauti ya tamthilia, mtoto anayepiga kelele, jina linalokaribiana. Mwaka 2019 ilijulikana kwamba Amazon, Google na Apple, wote watatu, walikuwa na watu wa kuajiriwa wanaosikiliza sehemu ya rekodi hizo, zikiwemo zilizochukuliwa kwa makosa. Mwaka 2023 Amazon ilikubali kulipa dola milioni 25 Marekani kwa kesi ya kuhifadhi sauti za watoto. Mwaka 2025 Apple ikakubali kutoa dola milioni 95 kumaliza kesi ya Siri, msaidizi wa sauti wa simu zake, huku ikikana kosa.

Halafu fundi anakuja na hoja yake: "Alexa haijui Kiswahili bwana, itaelewa nini?" Kwanza, rekodi ikishahifadhiwa haijali lugha. Pili, kibodi ya Google inaandika Kiswahili kwa kusikiliza tangu 2017. Kisichoeleweka leo kitaeleweka kesho, na faili liko pale pale.

Lakini hasira zangu hasa ni za kamera. Hizi za Wi-Fi za bei rahisi, zenye kichwa kinachogeuka na zile za mfano wa globu, nyingi zina maiki na sauti imewashwa tokea kiwandani. Mtu anajua kanunua jicho, kumbe kauziwa na sikio. Sasa ipeleke Mji Mkongwe, kwenye kichochoro ambacho watu wawili wakikutana mmoja apishe, uifunge juu ya mlango ikielekea baraza ya jirani. Watu wametoka Isha, wamekaa na kahawa yao, wanasema ya ndoa, ya madeni, ya siasa. Yote yanaingia kwenye kadi ya mtu mwengine. Na msidhani kubandika utepe kwenye lenzi kunasaidia. Tundu la maiki liko kwengine, chini ya lenzi au ubavuni, dogo kama ncha ya sindano.

Kisha kuna huu mchezo wa akaunti, na hapa mafundi mnijibu. Fundi anapiga picha kodi ya QR kwa simu yake, anaisajili kamera kwa barua pepe yake, halafu anamgawia mwenye nyumba ruhusa ya kutazama. Kwa hesabu ya seva, mwenye kamera ni fundi. Anaweza kukaa Chake akasikiliza sebule ya mtu Wete. Mwenye nyumba akishtuka anaambiwa "piga riseti". Ile riseti ya kuchoma pini tunduni sekunde 5 hadi 10 inafuta Wi-Fi na nywila, lakini kwa aina nyingi haigusi usajili wa kwenye seva. Ukiisajili upya unajibiwa kuwa kifaa tayari ni cha akaunti nyengine, na utabaki hapo mpaka fundi mwenyewe akiondoe kwenye simu yake. Akiwa kashahama namba, shughuli unayo.

Kwa hiyo, wenye nyumba, kabla ya kumlipa: simu iwe yako, barua pepe yako, nywila uandike wewe akiwa ameangalia pembeni. Fungua mipangilio ya kamera, zima kurekodi sauti, kisha rekodi dakika moja mkizungumza karibu yake na uirudie kuisikiliza. Ikiwa bado mnasikika, haijazimwa. Kwenye TV ya Samsung tafuta "Viewing Information Services" uiondoe alama, kwenye LG zima "Live Plus". Hizo hutambua kilichoko kwenye kioo hata kikitoka kwenye king'amuzi kupitia waya wa HDMI. TV yenye maiki kwenye fremu mara nyingi ina swichi ndogo ya kusukuma chini ya ukingo, ipapase kwa kidole. Na kama TV yenyewe ni ya king'amuzi na flashi tu, usiipe Wi-Fi kabisa.

Wenye nyumba za kukodisha nao wasijifiche. Airbnb, ule mtandao wa kukodishia nyumba, imepiga marufuku kamera ndani ya nyumba tokea 30 Aprili 2024, hata ikiwa imezimwa. Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 15, inalinda faragha ya mtu, familia yake na makaazi yake. Haikuandikwa kwa wageni peke yao.

NYONGEZA: Mnaouliza kuhusu simu, kwamba mmezungumza habari za friji na mara tangazo la friji likatokea. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern walichunguza programu zaidi ya 17,000 za Android mwaka 2018, hawakukuta hata moja inayowasha maiki kwa siri. Walichokikuta ni baadhi kurekodi kioo na kupeleka nje. Tangazo la friji huenda limekuja kwa sababu mtu mwengine katafuta friji kwenye Wi-Fi hiyo hiyo. Android 12 na kuendelea huonyesha alama ya kijani juu ya kioo maiki ikitumika. Kamera ya mlangoni kwa jirani yako haina alama hiyo, ndiyo maana uzi huu ni wa kamera.

Fundi mwenye jibu la akaunti aje nalo.