Bloku ya mlango haifuati leya ninayoiweka: rangi na aina ya mistari vipangwe vipi?

mchora_ramani_temeke

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada katika jambo linalonisumbua tangu tulipoanza mchoro wa ukarabati wa nyumba ya ghorofa, wenye milango ya zamani inayobaki, milango ya kubomolewa na milango mipya. Yote nimeiweka kwa bloku moja ya AutoCAD (kundi la mistari lenye jina moja, linaloingizwa mchoroni mara nyingi), mlango wa milimita 900, ambayo niliitengeneza mwenyewe mwaka jana.

Nilipoichora nilikuwa kwenye leya (tabaka la mchoro lenye rangi na aina yake ya mstari) ya MILANGO, rangi nikaichagua kwa mkono, namba 4, na mistari nikaipa Continuous, yaani mstari mzima. Sasa nikiiingiza kwenye leya ya BOMOA, ambayo ni nyekundu yenye mistari ya kukatika, mlango unatokea vilevile na rangi yake ya namba 4 na mstari mzima. Kinachonichanganya zaidi ni kwamba nikiizima leya ya BOMOA mlango unabaki palepale kwenye skrini, lakini nikiigandisha leya hiyohiyo mlango unatoweka. Nimefikia hatua ya kuzifumua bloku, yaani kuzivunja ziwe mistari ya kawaida, na kubadilisha mstari mmoja baada ya mwingine, na milango iko 42. Je, bloku ya kutumika mara nyingi ichorwe kwenye leya ipi, na rangi na aina ya mstari vipangwe vipi tangu mwanzo?

mtunza_maktaba

Ndugu, acha kwanza kuzifumua, maana ukifumua unapoteza faida yote ya kuwa na bloku, na siku mteja akitaka mlango wa upana mwingine utarudia kazi mara 42.

Unaloliona lina sababu moja. Bloku ina leya mbili zinazohusika nayo: leya ambayo mistari ya ndani ilichorwa, na leya ambayo bloku nzima imeingizwa. Mstari uliochorwa kwenye leya yenye jina, kama MILANGO, unabaki na leya hiyo popote bloku iendako. Ndiyo maana kuizima BOMOA hakukuufanya mlango chochote, kwa kuwa mistari yenyewe haimo humo. Kugandisha ni tofauti: ukiigandisha leya ambayo bloku imeingizwa, bloku nzima inafichwa pamoja na vyote vilivyomo, hata vikiwa vya leya nyingine. Programu yako haina hitilafu.

Leya 0 peke yake ndiyo yenye tabia ya pekee. Kilichochorwa kwenye leya 0 na kupewa ByLayer (yaani "fuata leya") katika rangi, aina ya mstari na unene, kikishakuwa ndani ya bloku kinachukua sifa za leya ambayo bloku itaingizwa. Mlango huo ukiuweka kwenye BOMOA utakuwa mwekundu wenye mistari ya kukatika, na ukiuweka kwenye leya ya milango mipya utafuata leya hiyo, bila wewe kugusa chochote. Kwa hiyo fungua bloku yako kwa BEDIT, amri ya kuhariri bloku, chagua kila kitu, kipeleke leya 0, kisha weka ByLayer katika vipengele vyote vitatu, uhifadhi na kufunga. Milango yote 42 itabadilika kwa mara moja, isipokuwa ile uliyokwisha kuifumua.

Kuna amri ya SETBYLAYER ambayo wengi huikimbilia, nayo inaweza kuingia hadi ndani ya bloku ukiiruhusu, lakini inabadilisha sifa tu, kama rangi, aina ya mstari na unene. Haihamishi kitu kutoka leya moja kwenda nyingine, hivyo kwa tatizo lako ingekuachia mistari ya ByLayer iliyobaki MILANGO, na mlango wa kubomolewa ungeendelea kufuata leya hiyo badala ya BOMOA.

mchoraji_wa_mabomba

Nakubaliana na mtunza_maktaba kwa milango, ila ningependa kuongeza habari ya ByBlock, kwa sababu sisi tunaochora mabomba na vyoo tunaihitaji sana.

Kitu chenye ByBlock hakiangalii leya yake chenyewe. Kinaangalia sifa iliyopewa bloku ilipoingizwa. Bloku ikiwa imeachwa ByLayer, kitachukua rangi ya leya ambayo bloku imeingizwa, sawasawa na njia ya leya 0. Lakini ukiichagua bloku moja tu na kuipa rangi nyekundu kwenye dirisha la sifa, kitageuka chekundu, wakati kile cha leya 0 chenye ByLayer hakitabadilika hata kidogo. Mimi natumia njia hii kwa valvu, kwa kuwa mara nyingi nahitaji kuonyesha valvu mbili tatu za kubadilishwa kati ya nyingi zilizo kwenye leya moja. Gharama yake huonekana pale mtu anapoifumua bloku: vitu vyenye ByBlock hubaki na rangi nyeupe, yaani namba 7, na mstari mzima. Ofisi inayochapisha kwa faili la CTB, ambamo namba ya rangi ndiyo inayoamua unene wa wino, itapata mistari minene au myembamba isiyotarajiwa, na kosa hilo huonekana kwenye karatasi tu.

Tahadhari nyingine ni kwa bloku iliyo ndani ya bloku. Beseni langu lina bomba lake kama bloku ndogo, na niliwahi kuiingiza bloku hiyo ndogo nikiwa kwenye leya ya maji bila kuangalia. Beseni lilifuata leya nililoliweka, bomba likakataa. Bloku ya ndani nayo iingizwe kwenye leya 0.

mchora_ramani_temeke

Ahsanteni sana. Nimefanya kwa BEDIT na milango imetii. Limebaki jambo moja: upinde unaoonyesha mlango unavyofunguka nataka uwe wa mistari ya kukatika daima, hata kwenye milango mipya ambayo leya yake ni ya mstari mzima. Nimeupa HIDDEN, aina ya mstari wa kukatika, lakini kwenye ukurasa wa kuchapia wa kipimo cha 1:100 unaonekana karibu mstari mzima wenye pengo moja.

mtunza_maktaba

Hapo umefanya sawa kuupa upinde aina yake ya mstari, kwa sababu maana ya alama hiyo haipaswi kubadilika kwa kufuata leya. Rangi yake iache ByLayer na upinde wenyewe ubaki leya 0, ili aina ya mstari peke yake ndiyo iwe ya kudumu.

Pengo moja linatokana na hesabu. Katika acadiso.lin, faili la aina za mistari la AutoCAD, HIDDEN ni kipande cha milimita 6.35 na pengo la milimita 3.175, jumla 9.525. Ukiwa na LTSCALE (kipimo cha mistari ya kukatika cha mchoro mzima) ya 1 na PSLTSCALE (inayofanya mistari hiyo ifuate kipimo cha ukurasa wa kuchapia) ya 1, vipimo hivyo ni vya kwenye karatasi. Upinde wa mlango wa 900 una urefu wa takribani milimita 1,414, ambao kwa 1:100 ni kama milimita 14 za karatasi, kwa hiyo mfuatano mzima unaingia mara moja na nusu tu. Tumia HIDDEN2, ambayo ni nusu ya ile, utapata mara tatu hivi. Ukiona bado haitoshi, ndani ya BEDIT upe upinde huo peke yake kipimo cha mstari cha 0.5 kwenye dirisha la sifa. Usiguse LTSCALE ya mchoro mzima kwa ajili ya upinde, kwa kuwa mistari ya katikati ya nguzo na ya mipaka ya kiwanja itabadilika nayo.

Na kwa kuwa umesema bloku hii ni ya mwaka jana, kumbuka kwamba marekebisho yako yako ndani ya mchoro huu tu. Michoro mingine inabeba nakala yake ya zamani. Itoe hii mpya kwa WBLOCK, amri ya kuihifadhi bloku kama faili lake, ihifadhi kwenye folda ya pamoja, kisha katika kila mchoro wa zamani andika -INSERT na jina katika muundo wa MLANGO900=MLANGO900, ukubali kubadilisha maelezo ya bloku, na ubonyeze Esc kabla ya kuonyesha mahali pa kuiweka.